Sumaku Kifuani pa Mama Ngoie

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwagilia mboga za lengalenga, nimefagia ua. Mama Ngoie, mwenye nyumba, yuko jikoni. Shingoni, kando ya msalaba wake, sumaku. Shemeji yake ameileta kutoka kiwandani: damu ina chuma, ati sumaku itaisafisha. Mama kacheka, lakini kaivaa.

Nilipofika Kikula, mtaa huu wa Likasi, nikikimbia vita vya Uvira, mama huyu alinipa chumba kabla ya kuniuliza jina. Miaka mingi sasa. Bado nashukuru kila asubuhi.

Jumatano, 5 Machi
Kaniuliza kama sumaku inafanya kitu mwilini. Nilifundisha biolojia, nikajibu kikamilifu mno. Chuma cha damu hakivutwi hivyo, nikasema. Ila watafiti wameweka seli karibu na sumaku iliyotulia. Wengine wameona mabadiliko katika kalsiamu, ambayo hupeleka ishara ndani ya seli. Wengine hawakuona kitu. Kalsiamu hiyohiyo hukaza mishipa, na vidonge vya shinikizo la damu anavyomeza Mama huizuia kuingia kwenye seli.

Akapiga makofi. "Unaona, Mwalimu! Ata mabuku inasema!"

Kasikia nusu tu ya hayo ya vitabuni.

Jumapili, 9 Machi
Hakwenda misa. Kichwa kinamuuma, macho yana ukungu. Vidonge havijaguswa tangu Jumatano; anasema sumaku inatosha. Nimeogopa vibaya. Nilisema kweli, na kweli yangu inamuua.

Nesi wa mtaani kaja kupima shinikizo. Juu sana. Kamwamuru ameze leo.

"Sumaku inatumika polepole, kazi yake haina haraka," kamjibu, akageukia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi
Seli nimeziacha. Nimemwuliza habari za marehemu mumewe, aliyesimamia mashine ya kusaga mawe ya shaba. Kasimulia kwa furaha. Juu ya mkanda uliopeleka mawe mashineni ilining'inia sumaku kubwa, ikinyakua misumari na vyuma vilivyopotea, visije vikavunja meno ya mashine.

"Na mawe, Mama? Iliyasaga?"

"Weye! Majiwe inasagwa na mashini. Sumaku itasaga nini?"

Nikamwambia basi kidonge ndicho mashine. Hata sumaku ikiwa na lake mwilini, kazi ya kidonge haiijui. Mume wake angezima mashine kwa sababu sumaku ipo?

Kaishika sumaku, kaigeuza kifuani.

"Uko na bujanja, weye Mwalimu. Leta maji."

Kameza mbele yangu. Nimetoka uani nikalia kidogo. Sijali aliyeniona.

Alhamisi, 13 Machi
Kipimo kimeshuka. Bado si kizuri, lakini nesi katabasamu. Mvua tangu adhuhuri, umeme umekatika. Mama Ngoie kasonga bukari, ugali wa huku, mwenyewe, kapika samaki wadogo wa mto Lufira, kaniwekea fungu kubwa.

"Kula. Umekonda sana, watu watasema miye nakunyima."

Nimekula. Sina ndugu hata mmoja Likasi, na tangu nifike sijalala bila mtu kuniuliza kama nimekula. Nashukuru bado anauliza.