Bafle Nne kwa Ampli Moja

Yaya, kaka yangu uliye Lubutu,

Jana dereva wa lori, yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, alisimama mbele ya nyumba yetu akaniita kwa jina. Nilidhani ameleta barua. Hakuwa na barua, alikuwa na maneno tu, na aliyasema kutoka juu kwenye kiti chake, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Zaina! Kaka yako anasema umutumie ile karatasi ya bafle ine. Wamemupa kazi ya kufunga muziki mu gari ya mukubwa mumoja. Anasema usichelewe." Halafu akaomba maji ya kunywa.

Miezi saba, Yaya. Miezi saba hukumwuliza Mama kama mguu wake umepona. Hukuuliza mimi ninafanya nini asubuhi, saa ambazo wenzangu wamevaa sketi za bluu wanaelekea lise kusoma. Neno lako la kwanza baada ya miezi saba ni kuomba ile karatasi. Ile ile uliyoicheka.

Nilimpa dereva maji, nikaingia ndani, nikakaa. Leo ninaandika, kwa sababu mdomoni maneno yangu hayatoki, wewe unajua hivyo kuliko mtu yeyote. Kwenye karatasi yanatoka.

Unakumbuka ulivyonifundisha kushika chuma cha kuchomelea? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinikalisha juu ya kreti ya bia mlangoni mwa karakana yako pale mtaa wa Kasuku, ukaniambia, "Hapana kuogopa moshi, ogopa ncha." Nilichoma kidole hata hivyo. Ulikitia mdomoni mwako kwanza, halafu ndipo ukacheka. Tangu siku hiyo ukawa unaniita Enjenyeri. Wateja walipoleta redio zao ulikuwa unasema, "Ngojeni Enjenyeri atoke masomo," nao walicheka, lakini walingoja. Mimi ndiye niliyekuwa nakusomea maandishi ya Kifaransa nyuma ya mashine, kwa sababu wewe uliacha shule ukiwa darasa la nne, ule mwaka mshahara wa Baba kwenye treni ulipokatika. Ilibidi mmoja wetu atoke. Ulisema, "Mimi niko na mikono. Yeye iko na kichwa." Nilisikia nikiwa nyuma ya pazia. Maneno hayo niliyabeba miaka yote kama nguo mpya ya sikukuu.

Ndiyo maana ninaumia hivi. Ungekuwa mtu mwingine, ningekuwa nimekwisha kusahau.

Tuseme mambo yalivyokuwa, kwa sababu hapa Kindu yanasemwa vingine. Komisere, mkubwa wa serikali, alikuwa anakuja kututembelea. Sitwayen Shefu, yaani Raia Shefu, mkubwa wa Chama mtaani kwetu, alikuja karakana na ile kamioneti ya Chama, ile inayopita kila Jumamosi kutuita kwenye salongo tukafagie barabara. Juu yake kulikuwa na bafle moja tu ya kutolea sauti. Akasema anataka nne. Anataka wimbo wa kumsifu Rais usikike ng'ambo ya pili ya mto, Alunguli yote, watu wa kule wasiseme hawakujua. "Bafle moja ni ya muntu mwenye kusitasita," alisema. Wewe ukajibu, "Ndiyo, Sitwayen," kabla hajamaliza.

Bafle tatu nyingine ulizitoa kwenye magari mabovu, ukazitengenezea masanduku ya mbao. Zote nne zilikuwa za om nne. Na nyuma ya ampli yenyewe, ile mashine ya kukuza sauti, kuliandikwa isifungiwe chini ya om nne; nilikusomea mimi, kwa sauti, mara mbili. Uliitikia kwa kichwa kama umeelewa. Kisha ukazifunga zote nne pamoja, nyaya zote nyekundu mahali pamoja, nyaya zote nyeusi mahali pamoja.

Wiki ile ile mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha mambo hayo. Bafle ikizuia umeme kwa om nne, ukiiwekea mwenzake kando namna hiyo, zote mbili pamoja zinazuia kama om mbili tu. Ukiweka nne, inabaki om moja. Ni kama nyumba uliyoitoboa milango minne: kila kilichomo kinatoka mbio, na ampli ndiyo nyumba. Nilichora kwenye daftari langu jinsi ya kufanya: bafle mbili zifuatane kwenye waya mmoja, hapo zinakuwa om nane, mbili nyingine vilevile, kisha hizo jozi mbili uziweke kando kwa kando, na om zinarudi kuwa nne. Nne kamili, kama ampli inavyotaka. Sikuamini jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Nilitoka lise nikikimbia, mimi ambaye sikimbii barabarani.

Nilipofika ulikuwa na wale wanafunzi wako watatu. Nilikuonyesha daftari. Nilisema polepole, ndiyo, ninajua nilisema polepole.

"Yaya, hivi ampli itaungua."

"Itaungua juu ya nini? Mufuko wa mchele, pale ku bandari, ukibebwa na watu wane unakuwa muzito ao mwepesi?"

"Mwepesi."

"Basi. Bafle ine, kazi inagawanyika."

"Siyo bafle njo zinabeba ampli, Yaya. Ampli njo inabeba bafle."

Wale vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Enjenyeri ya Kifaransa!" na wewe, Yaya, ukacheka kuliko wote. Ukachukua daftari, ukaligeuza juu chini kama unatafuta mahali pa kuanzia, ukanirudishia. "Waya hausikii Kifaransa. Enda usaidie Mama kutwanga."

Nilikwenda. Nikatwanga majani ya sombe mpaka yakawa uji.

Asubuhi ya siku yenyewe ulijaribu muziki, na fyuzi ikakatika. Ukaweka nyingine, ikakatika. Hata kile kipande kidogo cha kioo kilikuwa kinakuambia neno lile lile langu, na chenyewe hakijui Kifaransa. Ukachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ukaviringisha fyuzi, ukairudisha. Muziki ukaimba. Sitwayen Shefu akakupiga bega.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama.

Pale bandarini, alipopokewa Komisere, nilisimama karibu na kamioneti na wanafunzi wenzangu wa lise. Mamama wa Chama walikuwa wanacheza na vitenge vyenye picha ya Rais, Komisere amekaa chini ya turubali, sauti inavuka mto kweli, hata watu wa Alunguli walisimama ukingoni kutazama. Dirisha la kamioneti lilikuwa wazi. Nilipitisha mkono, nikagusa ampli. Sikuweza kuacha kiganja pale hata kwa pumzi moja. Wewe ulikuwa hatua tano kutoka kwangu, umekunja mikono, umevaa abakosi yako mpya, koti la wakubwa lisilo na tai. Ningeweza kukuvuta tu. Ningeweza kusema "punguza" na usingehitaji hata kuniuliza, ungeona uso wangu.

Nikakumbuka kicheko chako. Nikasema moyoni: iungue. Iungue mbele ya wote, ndipo utajua daftari linashikwa upande gani.

Ikaungua. Kwanza harufu, kisha moshi mwembamba, kisha ukimya. Mamama waliendelea kucheza kidogo bila muziki, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusimama, na tulisikia miguu yao tu kwenye mchanga. Komisere alitabasamu. Sitwayen Shefu hakutabasamu.

Ndani ya ofisi ya Chama tulikuwa wewe, mimi na Baba, aliyeitwa kutoka kazini bado ana grisi mikononi. Mimi waliniita kama shahidi tu, kwa sababu nilionekana dirishani. Sitwayen Shefu alisema mtu aliyenyamazisha wimbo wa Rais katikati hakufanya kosa la fundi, alifanya jambo lingine. Alilitaja jambo hilo kwa Kifaransa, neno la hujuma, nami nililielewa. Akauliza, "Nani alifunga?"

Uliangalia mikono yako. Halafu ukasema, "Ni huyu mudogo wangu. Njo anasoma mambo ya umeme ku masomo. Hata iko na mchoro mu daftari."

Walifungua mfuko wangu, wakalitoa daftari, wakaukuta mchoro. Bafle nne, ampli moja. Mchoro wa kuiokoa ukawa ushahidi kwamba nimeiua. Nilitaka kusema, "Angalieni vizuri, siyo hivi ilivyofungwa." Ulimi ulikauka. Na nitakuambia kwa nini ulikauka, siyo aibu tu: nilikuwa nimeigusa ile ampli. Niliona kama umeujua moyo wangu, kwamba unasema uongo lakini umenikamata kwa kosa la kweli.

Njiani kurudi uliniambia kwa sauti ndogo, "Mutoto hafungwi. Mimi wangenifunga, karakana ingekufa, tungekula nini?" Nikakubali. Niliona ina maana. Prefet, mkuu wa lise, aliniita kesho yake. Alilifungua daftari, akautazama mchoro muda mrefu, na nina hakika aliona kwamba ni sahihi, yeye alisoma. Alilifunga taratibu, akasema, "Sitwayene, hauko tena wa hapa." Wiki tatu baadaye ukapakia vyuma vyako vyote kwenye lori la Lubutu. Ile karakana niliyoiponya kwa shule yangu, ukaifunga mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenipa shule, Yaya. Sijasahau. Lakini hukuniambia kwamba ulikuwa umeniazima tu hiyo shule.

Sasa ninauza sombe na Mama. Baba hanisemeshi sana. Juzi tu alisema, akiwa amegeukia ukuta, "Ungemuuliza kaka yako kwanza, mbele ya kugusa mambo yake." Anaamini. Mwanawe wa kiume alimwambia, kwa hiyo anaamini. Wenzangu wakipita sokoni ninainama kama ninatafuta kitu chini ya meza.

Usiku nilifikiri nikujibu kwamba karatasi haiko. Na ni kweli, haiko, daftari lilibaki kwa Prefet. Nilifikiri nikuache ufunge zote nne upendavyo, mukubwa wa Lubutu akae garini mwake anuse moshi. Mawazo hayo yalikuwa matamu, sitadanganya. Kisha nikaona kiganja changu dirishani mwa kamioneti. Nilikwisha kujua siku moja na kunyamaza. Sitarudia.

Kwa hiyo nimeuchora tena, kwa kichwa tu, uko ndani ya bahasha hii. Mbili zifuatane, mbili zifuatane, kisha jozi kando ya jozi. Ampli isomewe kwanza. Kama nyuma yake kumeandikwa kitu kingine, mtafute mtu akusomee, na umsikilize hata akisema polepole. Fyuzi ikikatika, usiifunge na karatasi ya sigara.

Utaona nimeandika jina langu kwa wino juu ya kila waya na juu ya kila bafle. Zaina, Zaina, Zaina. Hutaweza kumwonyesha mukubwa wako huu mchoro bila kumwambia mimi ni nani.

Kuna karatasi ya pili, tupu. Hiyo ni yako. Mtafute mwandishi sokoni, au andika mwenyewe kwa herufi zako kubwa, hazina neno. Mistari miwili inatosha: ni mimi nilifunga, mudogo wangu alinikataza. Juu yake weka jina la Prefet. Au ukiogopa Prefet, weka jina la Baba, nitamsomea mimi. Ongeza, kama unaona vema, kwamba aliigusa ikiwa moto na hakusema. Hilo nalo ni kweli, na sitaki tena uongo wa kunisaidia wala wa kunimaliza.

Dereva anageuza Alhamisi kurudi kwako, atakubebea bahasha hii. Wiki ijayo atapita tena hapa, nitakuwa mlangoni. Akiniambia gari la mukubwa linaimba vizuri na mikononi hana kitu, nitampa maji yake kama kawaida, na tangu hapo nikiulizwa sokoni nani alinifundisha kuchomelea, nitajibu kwamba nilijifundisha.

Mama anakusalimu. Hajui ninachoandika.

Mimi mdogo wako, ambaye ulitia kidole changu mdomoni mwako nilipoungua,

Zaina