Mtoto wa Ndugu

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka ofisi ya kodi. Miguu haitulii. Nimefuta meza ileile mara ngapi sijui.

Marehemu mume wangu alifungua akaunti ya elimu ili binti yetu aende chuo. Akiba ya namna hiyo haikatwi kodi, mradi iwe ya mtoto wako. Afisa, dada mpole mwenye mafua, akatazama cheti cha kuzaliwa. Akasema, mama, huyu ni mtoto wa ndugu. Nikasema ni mwanetu! Akasema ananielewa, ila sheria ya kodi haina baba mkubwa wala baba mdogo. Ina mzazi tu.

Ni kweli, kamzaa shemeji, mdogo wa mume wangu. Mkewe alifariki, na yeye ni dereva wa lori la mafuta, leo hapa kesho kule. Tulimchukua binti hata meno hayajaota yote. Benki walipomuuliza mume wangu huyu ni nani yako, alijibu mwanangu. Angejibu nini kingine?

Wakikata kodi ya miaka yote hiyo, kitakachobaki hakimfikishi mwaka wa pili.

Jumanne, 4 Machi
Njia ipo, wakili kanieleza! Akaunti sasa ni yangu, mjane. Mahakama ikimfanya binti kuwa wangu kwa hati, kodi haigusi kitu. Lakini iwe kabla hajatimiza miaka kumi na minane — na anaitimiza mwezi huu. Na baba mzazi atie sahihi kwamba anamwachia kabisa.

Nimempigia shemeji. Akacheka. "Shemeji, mbona nilishamwacha siku nyingi?" Kisha simu ikakatika. Au aliikata.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kasema atakuja Jumamosi. Nahamisha viti, narudisha viti.

Nimemkumbuka mume wangu na ngazi zake. Fundi wa lifti, jengo letu lina lifti, na yeye anapanda ngazi na mtoto mgongoni. Eti lifti anazijua tabia zake.

Nimemweleza binti. Akasema, "Yaani Mama, unaniasili kwa sababu ya kodi?" Tukacheka wote. Chakula hakukimaliza.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kafika na vumbi lake la safari. Binti akamwambia karibu, Baba Mdogo, kama siku zote. Shemeji akatania: "Kanipita urefu huyu, namwachiaje?"

Karatasi ya wakili iko mezani. Aliisoma polepole, kidole juu ya mstari. Kikasimama penye "haki zote za mzazi". Akasema hizo haki hajawahi kutumia hata moja. Hakuna aliyecheka.

Akapapasa mifuko — hana kalamu. Akamgeukia binti. "Sahihi nitaweka. Usiwe na wasiwasi na chuo. Ila niite Baba. Mara moja tu, kabla sijaandika."

Binti akanitazama mimi. Mimi!

Nikasema, ngojeni, nikalete kalamu chumbani.

Nimeipata zamani. Ndiyo hii ninayoandikia. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango nimeurudisha. Sebuleni kiti kimelia — kuna aliyesimama. Natega sikio. Bado hakuna aliyesema neno, na kalamu ninayo mimi.