Njiti Chini ya Bakuli

Nyumba Na. 418,
Mtaa wa Misonobari,
Spokane, Washington.
Jumapili, 15 Oktoba 2023.

Mpendwa ndugu yangu Jotham,

Hujambo wewe, na hapo nyumbani hawajambo? Natumaini mgongo wa wifi yangu Marlys umepoa, na lile jiko lenu la kuni limekubali kuwaka kabla Fairbanks haijageuka barafu tupu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi za shule, lakini watoto mia tatu wanataka chakula saa tano na nusu kila siku na hawana habari na goti langu. Paka wangu mwenye jicho moja yuko, amenenepa.

Matufaha mwaka huu yamejaa hadi kulungu wameyachoka. Nimepika jamu chupa kumi na nane. Mbili ni zenu na zitakuja kwa posta. Zikifika zimepasuka, mgombane na posta, si mimi.

Sasa nije kwenye jambo lako. Ujumbe wako nimeupata, kwamba umekubali kwenda kwenye kile kipindi cha asubuhi, Alhamisi ya tarehe ishirini na sita, ukaseme ukweli kuhusu kitabu cha mdogo wetu Kit. Sikukupigia simu kwa sababu sisi wawili tukipigiana simu tunagombana. Tena kuna kitu nilitaka kukitia ndani ya bahasha.

Kitabu chenyewe kiko kila mahali. Sikushangaa, maana nyota wa televisheni akieleza alivyotoroka kwenye dini ya watu waliojifungia bondeni, nani asisome? Pale jikoni shuleni wapishi wenzangu wanasomeana wakati wa chai. Hawajui kuwa Zizi la Alfajiri wanalolisoma ndiko nilikokulia, wala kuwa yule "Dada Ruth" wa sura ya tatu anawamenyea karoti. Wiki iliyopita Darlene alifika kwenye ukurasa ule, Kit anapochukua ufunguo wa gari la maziwa na Mama anamwona, anakimbilia kengele kuwaita wanaume.

"Hebu sikieni!" Darlene akapiga meza. "Anamgongea kengele mwanawe wa kumzaa! Huyu ni mama au ni mbwa wa ulinzi?"

"Ningempata mimi, huu mwiko ungevunjikia mgongoni kwake," akasema mwenzake. "Hettie, si na wewe umekisoma? Unamwonaje yule mama?"

"Anajua kupika uji," nikajibu.

Wakacheka wakadhani ni mzaha. Wewe unajua si mzaha, kwa sababu nilikusimulia mwenyewe: ufunguo ule ulikuwa chini ya uji, ndani ya bakuli la Kit, asubuhi ya kuoshana miguu wakati wanaume wote wako ukumbini na miguu mitupu. Mama ndiye aliyeutia. Mama ndiye aliyempakulia. Kengele haikulia hadi gari lilipokwisha vuka daraja, na aliyeipiga ni Baba Orrin mwenyewe, mkuu wao.

Kwa hiyo hasira zako nazielewa. Nimeyasikiliza yale maneno uliyoacha kwenye simu mara mbili: "Mimi sikupata ufunguo. Aliyepata angalau angeshukuru." Yaliniuma. Ulikuwa na miaka kumi na sita walipokufukuza kwa sababu ya redio uliyokutwa nayo, na Mama ndiye aliyeitwa mbele kulifunika bakuli lako kifudifudi rafuni, alama kwamba si mtu wao tena, ukiwa umesimama pale unatazama. Halafu Kit anapewa ufunguo na anaandika kengele. Hata mimi niliona ni utovu wa adabu, tena nilikuwa nimevimba kuliko wewe.

Ndiyo maana nilipoona tangazo kwamba Kit anakuja Spokane kusaini vitabu, sikumpigia. Nilipanga foleni kama watu wengine. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili waliovaa fulana zenye uso wake, wanajadili ni gereza gani lingemfaa Mama. Nilisimama dakika hamsini nikipanga maneno makali, mengine ya jikoni.

Zamu yangu ilipofika nilifanya jambo la kijinga. Nilikiweka kitabu mezani kifudifudi, uso chini, nikarudisha mkono. Miaka ishirini na mitatu tangu nitoke kule na bado mkono unakumbuka namna ya kumpa kitu mtu aliyefunikiwa bakuli. Kit hakuinua macho. Alikitazama tu kitabu kilivyolala, kalamu ikasimama hewani.

"Dada," akasema. "Nenda kwenye ile stoo ya nyuma. Nakuja."

Stoo ilikuwa na maboksi na kiti kimoja. Alinipa kiti yeye akakaa juu ya boksi la vitabu vyake. Ana mvi sasa, wanazipaka rangi kwa ajili ya kamera. Sikumpa nafasi ya salamu.

"Umemvua nguo Mama mbele ya nchi nzima," nikamwambia.

"Nimemvisha, dada. Wewe unamkumbuka Zilpa?"

Wewe Jotham pengine humkumbuka Zilpa, yule mama wa kusuka vikapu. Mwaka jana mpwa wake alitoka, akahojiwa na gazeti, akasema sentensi moja tu: kwamba anamshukuru shangazi yake aliyemfichia viatu. Wiki ile ile Mzee Lemuel, ambaye ndiye mkuu wa kule tangu afe baba yake, Orrin, alilichukua bakuli la Zilpa na hakulifunika. Alilivunja kwa shoka. Zilpa sasa yuko huku nje kwenye nyumba ya wazee, na wajukuu zake wakipita barabarani wanageuzwa nyuso.

"Sentensi moja," akasema Kit. "Mimi nina kurasa mia tatu. Wanakisoma kule, dada, usidhani hawakisomi. Lemuel anakisoma na kalamu nyekundu. Kwa miaka yote wamejiuliza nani alinipa ufunguo. Sasa wana jibu, niliuiba, na mwanamke mwaminifu kuliko wote alikimbilia kengele."

"Na hawa wanaomtukana huko foleni?"

"Hawajui anakoishi. Lemuel anajua."

Mama ana miaka sabini na minne. Mdogo wetu Asa bado yuko kule bondeni na mkewe na watoto watano, na Asa hatatoka, hilo tumelizungumza hadi tumechoka. Mama naye hatawaacha wale watoto. Bakuli lake likivunjwa hataona hata kisogo cha mmoja wao. Kit alijua hayo yote kabla ya kuandika neno la kwanza, mimi nilikuwa nimepanga foleni na matusi.

Nilimwuliza kama Mama anajua sababu. Akasema hana njia ya kumwambia. Hapo ndipo alipolia, na alilia vibaya, bila uigizaji wowote. Yule kijana wa duka alipogonga mlango kusema watu wanasubiri, alijifuta na mkono wa shati, akatoka anatabasamu.

Jana Jumamosi nikaenda sokoni Colville, kwenye meza ya mikate ya watu wa kule. Nilikuwa sijaenda tangu masika. Mama alikuwepo, kilemba kile kile cha kijivu, na pembeni yake Ada, maana siku hizi hawamwachi mtu auze peke yake. Mama amepungua, lakini anakata mkate kwa nguvu zile zile.

"Naomba mmoja wa mbegu," nikasema.

Hakunitazama, na sikutegemea anitazame. Akamwambia Ada, "Mteja anataka wa mbegu." Akaanza kuuchagua, polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, bado kwa Ada, ila kwa sauti ya kusikika hadi meza ya jibini:

"Na yule wa televisheni na kitabu chake. Ati nilikimbilia kengele."

"Si ndiyo!" Ada akadakia. "Mzee Lemuel kausoma ukurasa ule mbele ya wote. Kasema hivyo ndivyo mama anavyopaswa kuwa. Wengine tulikuonea wivu, mwenzetu."

"Basi kibaki kama kilivyo. Asitokee mtu wa kukisahihisha, awe wa karibu, awe wa huko kwenye barafu."

"Barafu gani tena?"

"Barafu yoyote. Nipe karatasi."

Ada akainama kutafuta karatasi chini ya meza. Mama akauweka mkate mbele yangu, kifudifudi, kama desturi inavyotaka kwa watu kama sisi. Nilipounyanyua, chini yake kulikuwa na njiti tatu za fagio zimelazwa sambamba. Nikazifunika kwa kiganja. Mama alikuwa tayari anamhudumia mzee mwingine.

Kuhusu njiti hizo kuna kitu hukijui, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Siku Kit alipotoroka, Mama aliitwa mbele kama alivyoitwa kwa ajili yako. Alilifunika bakuli mbele ya watu bila kusita, hapo kitabu kimesema kweli. Kesho yake nilikuwa nafuta vumbi rafuni nikaona bakuli la Kit halijakaa sawa. Chini ya ukingo kulikuwa na njiti moja ya fagio, imeliinua kidogo tu. Nilimwuliza Mama. Alinijibu, "Mbao isipopata hewa huoza," akaendelea kukanda unga. Sikuuliza tena. Nilipotoka mimi baada ya miaka mitatu, nilijiambia pengine na langu limewekewa.

Lako lilikuwa rafu ya juu kabisa. Mama hakumruhusu mtu yeyote kulifuta, alipanda kigoda mwenyewe kila Ijumaa. Miaka yote nilidhani ni aibu, kwamba hataki tuliguse bakuli la mtoto aliyefukuzwa. Jana nimezihesabu njiti zile mara mbili, kwanza sokoni, halafu ndani ya gari. Moja ya Kit. Moja yangu. Nililia pale kwenye gari, nakiri, hadi mwuza maboga akaja kuniuliza kama betri imekufa.

Kwa hiyo mdogo wangu, nakuomba uwapigie watu wa kipindi uwaambie unaumwa, au barabara imefungwa, au umebadili mawazo. Usimwage mtama. Nchi nzima imchukie Mama, yeye ameridhia. Ukimtetea siku ile ya Alhamisi, Ijumaa atakuwa na Zilpa. Ukitaka kugombana nami kuhusu hili, piga simu, safari hii nitasikiliza hadi mwisho.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asiinue kuni peke yake. Wynn na Odessa waambie shangazi yao anauliza kama wamejifunza kuandika barua au wanajua kubonyeza simu tu. Kit anakusalimu pia. Hakuniambia nikufikishie, lakini alinitajia jina lako mara nne. Baraka za kule sizitumii tena, kwa hiyo nakuombea kwa maneno yangu: breki za gari lako zisikuangushe, moto usizime, na ulale usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda tangu ukinyonya kidole,

Hettie.

Tena: Najua umeipasua bahasha kwa kisu kama kawaida yako, kwa hiyo njiti huenda imeanguka sakafuni. Ina urefu wa kidole kidogo, rangi ya nyasi kavu. Itafute sasa hivi, kabla Marlys hajafagia.