Fulana Chini ya Godoro

Jumapili jioni, Busia. Mawingu yamejazana tangu mchana na mvua haitaki kunyesha. Nami nimejaa hivyo hivyo, machozi hayatoki.

Tumeshindwa. Wacha niandike tu.

Miaka yote wenye mabasi ya kwenda Tororo walitubeba bure sisi walemavu. Hakuna aliyewaamuru. Kisha yakaja mabasi mapya, makondakta wakaanza kutuacha stendi, tukaamua kupigania jambo hili liwe haki. Maneno ya kwenye fulana zetu niliyatarizi mwenyewe: KUSAFIRI BURE NI HAKI YETU. Wiki nzima tulisimama stendi, mimi na magongo yangu, rafiki yangu Ojambo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, akiimba vibaya makusudi ili watu wageuke.

Juzi wenye mabasi walikutana wakafuta kila kitu. Sasa kila mtu atalipa.

Nilidhani Mzee Hamisi atatutetea. Ana basi lake, na amenibeba tangu nianze kushona sare za shule kule Tororo. Kumbe ndiye aliyechukia kuliko wote. Leo alasiri amekuja nyumbani, akakataa kiti.

"Ile ilikuwa sadaka yangu, Nafula. Sasa nyinyi munataka ikuwe sheria. Sheria iko na thawabu gani?"

Akaendelea, sauti imelegea kidogo.

"Kesho kuja, nakubeba kama zamani. Lakini wewe tu. Ojambo hapana, yule anakunywa. Na hiyo fulana bakisha nyumbani."

Hiyo ndiyo sababu niliitaka haki! Ili asiwepo mtu wa kuamua nani anafaa kubebwa na nani anakunywa. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikasema, "Asante, Mzee."

Nina hasira naye, nina hasira zaidi na mdomo wangu. Lakini nikianza kulipa nauli, mshahara wote utaishia barabarani, na hapa Busia nimetafuta kazi ya cherehani mpaka nimechoka. Ojambo naye anatengeneza simu huko huko Tororo. Ameniandikia kwamba tukutane stendi alfajiri, tuvae fulana, tusikate tamaa.

Sijamjibu.

Fulana imekauka. Nimeikunja nikaisukuma chini ya godoro, kisha nikatoa gauni la kesho. Basi la Mzee Hamisi ndilo la kwanza kuondoka. Ojambo ataniona nikipanda.