Jumatano za Wanawake

Jumatano, 1 Agosti 1956

Leo siku ya wanawake. Bwana Borafya, mwenye studio, ametoka mapema kama ada, mlango wa njiani ukatiwa komeo, Bi Kazija mkewe akakaa kizingitini na tasbihi yake, asipite mwanamme. Hata Machano, anayetia rangi picha, Jumatano hukaa kwao. Studio yote yangu mimi! Kamera, taa, chumba cha giza.

Amekuja Sichana, tuliyesoma naye. Kaposwa na Simai, harusi mfunguo sita, baada ya Maulidi. Anataka picha ya kichwa wazi, nywele zimesukwa, asumini shingoni. Aiweke sandukuni mwake, basi. Kabla ya kuvua buibui ananiuliza na kuniuliza tena: hataiona mwanamme? Nikamjibu ninavyowajibu wote: naipiga mimi, naisafisha mimi, naikausha mimi. Akavua.

Zoezi alilonipa Bwana Borafya wiki hii ni nusu mwanga. Taa moja tu, ubavuni, upande mmoja wa uso uwake na wa pili uzame. Anasema asiyejua kivuli atabaki kupiga picha za pasipoti maisha yake. Nikalijaribu kwa Sichana kwanza, kisha nikampiga ile yake ya kawaida. Loo, jaribio limenishinda! Shavu limewaka kama ukuta wa chokaa, jicho la upande wa pili halipo kabisa. Karatasi nimeitupa kwenye pakacha la picha mbovu. Ile nyengine imetoka vizuri, nitampelekea mwenyewe mkononi.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimefika Jang'ombe kwa kina Sichana. Kaitazama picha, kacheka, kalia, kacheka tena. Mama yake, Bi Khamisa, kaiangalia mara moja tu, akasema ifungwe kwenye kanga haraka. Kisha akanishika mkono: nimekuamini wewe, mwanangu, si hiyo studio. Nimetembea kurudi mjini kichwa juu.

Zoezi jipya: yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, na lionekane! Mchana kutwa napigana na yai. Nikiliwashia taa usoni linapotea. Mwisho nikaigeuza taa ikatazama ukuta, mwanga ukarudi wenyewe polepole, yai likapata tumbo. Kumbe taa si lazima imtazame mtu.

Nilitaka kuiangalia tena ile mbovu ya Sichana, nijue jana taa niliikosea wapi. Pakacha tupu. Anayezichoma picha mbovu uani ni Machano, lakini leo sikuona moshi wala jivu. Nikamuuliza. Anasema alipofika asubuhi pakacha lilikuwa tupu hivyo hivyo. Hakuinua macho kwenye brashi yake. Mtu mkweli si angeinua macho?

Jumamosi, 4 Agosti

Namchungulia Machano. Anampaka bibi harusi wa Kihindi pichani midomo myekundu, anacheka peke yake. Nilipoingia ghafla kafunga mtoto wa meza, pa! Nikauliza kuna nini humo. Hamna kitu, dada Mwatum. Hamna kitu, na kidevu kinatafuna hewa!

Kijana hajaoa. Siku nzima anatazama nyuso za watu. Mimi sisemi, nafikiri tu.

Na Bwana Borafya? Leo kaniuliza Jumatano walikuja wanawake wangapi na walitaka picha za namna gani. Aliuliza kama anayeuliza hali ya hewa. Yeye hajapata kuniuliza hivyo. Kila mtu humu ndani ana neno, isipokuwa Bi Kazija masikini, na kahawa yake na wageni wake huko juu.

Jumatano, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Sichana kaja tena, uso kaufunika kwa buibui, hakuufunua hata ndani. Jana jioni shangazi yake Simai alikwenda kwao. Anasema picha ya Sichana ilionekana mtaa wa Malindi, barazani, vijana wanapokezana. Kichwa wazi! Simai kasikia kwa rafiki yake. Hajasema anaivunja posa, lakini watu wake wanataka kwanza wajue: nani aliyeitoa? Kama ni Sichana mwenyewe aliyempa mwanamme, basi harusi hakuna.

Nikamwambia picha yako si umeifunga kwenye kanga? Akasema imo, ameiona asubuhi. Hiyo iliyoko Malindi ni nyengine. Ina nusu ya uso kiza.

Ile ya pakachani! Mimi niliyemwambia naipiga, naisafisha, naikausha — nikaitupa kama ganda la ndizi!

Sichana akanikamata mabega. Nani, Mwatum? Nani anaingia humu? Na mimi nikasema: Machano. Sikusema nadhani. Nilisema Machano, tena kwa hasira, na nikaona raha kulisema.

Jumamosi, 11 Agosti

Machano hakuja kazini. Bwana Borafya anauliza, hakuna anayejua. Mimi najua, au naogopa kuwa najua. Sichana ana kaka wawili wachukuzi wa bandarini.

Nimewasha taa nifanye zoezi la birika la shaba, taa isionekane kwenye tumbo lake. Kila nikiisogeza, naiona imo, na nyuma yake naiona sura yangu, pana kama chungu. Nimeacha.

Jumatatu, 13 Agosti

Kaja. Mdomo umevimba. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, ndio mkono wa brashi. Kaka zake Sichana walimngojea kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, wakamuuliza picha, akasema hajui, wakampiga. Mwisho wakamwambia aliyewapa jina lake: yule msichana wa studio.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Kasimama mbali, akasema: “Dada Mwatum, mie nshakukosea nini?”

Nikavuta ule mtoto wa meza yake. Nilitaka nikute kitu chochote, wallahi, niwe nimesema kweli. Mna kashata! Kashata za nazi kwenye karatasi. Bwana Borafya hataki mafuta karibu na picha, ndiyo maana huzila kwa siri.

Kama si yeye, nani basi? Bwana Borafya ana ufunguo. Nimejionea haya: hata kabla sijamwomba Machano radhi, nishapata mtu mwengine wa kumshuku.

Jumanne, 14 Agosti

Nimejua.

Nilipanda juu kuazima shuka jeupe la kurudishia mwanga. Nilisikia vikombe na vicheko, nikaingia bila ya hodi kwa kuwa nimezoea. Bi Kazija na wageni wawili, watu wazima, wamekaa mkekani. Na mkekani picha. Zangu. Zote zile nilizozitupa! Yule wa Matemwe aliyefumba jicho. Yule aliyetikisika. Bibi mmoja kashika picha karibu na dirisha, anasema huyu meno yake mazuri lakini anaonekana mwembamba. Wanawatafutia wana wao wachumba!

Bi Kazija hakushtuka hata kidogo. Wageni walipoondoka akanimiminia kahawa.

“Kwani nimemwonesha mwanamme?” akasema. “Nimewaonesha mama zao. Zamani mama akitaka mchumba akenda harusini kuangalia wasichana, au siyo? Sasa anaangalia hapa. Na picha si ulizitupa mwenyewe? Niziache zichomwe, sura nzuri kama zile?”

Nikamuuliza na ya Sichana, mwenye posa?

Hapo ndipo alipotazama kikombe. “Yule mama wa Malindi nilimwambia, huyu ana wenyewe. Akasema anaiazima tu, amwoneshe mwanawe mfano wa sura anayoitaka. Ntajuaje kama yule kijana ataitoa barazani?”

Nikamwambia lazima aende kwa Bi Khamisa, aseme. Akacheka kwa huruma, kama ninayemwambia arushe kiti angani. Akasema neno moja likitoka, hakuna mwanamke atakayevua buibui humu tena. Jumatano zitakwisha. Baba yangu aliniruhusu kujifunza kazi hii kwa kuwa yeye Bi Kazija alimpa ahadi yake, na akisikia atanirudisha kwetu Mkokotoni kabla ya Ijumaa.

“Na jina si lishapatikana?” akasema. “Ulilitaja mwenyewe. Kupigwa keshapigwa. Liache liishie hapo.”

Nikashuka na shuka mkononi. Kahawa niliinywa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: niliinywa yote.

Jumatano, 15 Agosti

Naandika ndani ya chumba cha giza, kwa taa nyekundu.

Wamekuja. Bi Khamisa na shangazi yake Simai, pamoja, mlango mmoja. Nimewasikia wakipiga hodi, nikajifungia. Bi Kazija kawakaribisha, kawapa halua. Ubao wa mlango mwembamba, nasikia kila kitu.

Shangazi anasema Simai yuko radhi. Anamtaka Sichana, na maneno ya baraza hayamshughulishi, ila wazee wake wanataka wasikie kwa mpiga picha mwenyewe, kwa kiapo, ni nani aliyeitoa picha. Wakishasikia jina, harusi ipo. Na huyo mwenye jina watamshitaki kwa sheha wa mtaa wake, akae mbali na mji.

Bi Kazija anasema mtoto mwenyewe atakwambieni, yeye ndiye ajuaye. Sauti yake tamu, haina wasiwasi.

Kisha Bi Khamisa kaja mpaka mlangoni. “Mwatum, mwanangu. Umo?”

“Naam. Shikamoo, Bi Khamisa.”

“Marahaba. Toka uniambie, niende nikalale. Sijalala wiki hii.”

Nimemjibu filamu imo dawani, mlango ukifunguka itaungua. Uongo. Masinia ya dawa makavu. Kasema haya, atangoja. Nasikia buibui lake likisugua ukuta, kakaa chini papo hapo.

Sichana ataolewa nikisema lolote kati ya majina mawili. Hilo nimelifikiri sana. Kwake yeye ni mamoja. Kwa hivyo sikujifungia humu kwa ajili yake.

Nimelijaribu kwa sauti ndogo, peke yangu: ni Machano. Limetoka zima, sawasawa.

Nikajaribu: ni Bi Kazija. Nilifika kwenye Bi.

Nimejaribu tena.

Anabisha sasa Bi Kazija mwenyewe, kwa kucha, taratibu. Mwatum, wageni wanangoja.

Naam, Bi. Nnakuja.