Mabati Niliyofunga Kwenye Daraja Lako

Baba yangu,

Shikamoo. Siwezi kuanza kukusemesha bila salamu, hata kama uko kaburini.

Nakumbuka ulivyojenga lile daraja la kuning'inia ili tuvuke mto kwenda Ukata bila kuzunguka nusu siku. Mimi nilikukatia waya, nikakulalamikia vidole vinauma. "Kata tu mwanangu, vitazoea." Pembeni uliweka wavu mtupu. Sisi akina mama tukalia: ukiwa na gunia la kahawa kichwani, ukiona maji kule chini, miguu inaisha nguvu. Ukakataa katakata kuziba. "Upepo nao unataka njia," ulisema.

Kisha ukaugua, ukalazwa hospitali ya Mbinga. Tukapata mabati yaliyobaki kanisa lilipoezekwa, na mimi, binti yako, ndiye niliyeyafunga pande zote mbili kwa koleo lako mwenyewe. Wiki tatu tulivuka kwa raha zetu. Jumapili moja, tukiwa ibadani, ukaja upepo wa upande wa ziwani. Tulitoka tukalikuta daraja linajipindapinda, mabati yamezuia upepo wote, mpaka nyaya zikang'oka, likaanguka mtoni. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu juu yake.

Uliporudi ulitazama mabati, ukanitazama mimi. Watu wakadhani mabati uliyaagiza wewe, wakasema fundi amezeeka, amelipua kazi, nawe ukanyamaza kunistiri mpaka tukakuzika na sifa hiyo. Hapo ulinikosea, Baba. Nani alikwambia siwezi kubeba kosa langu? Mimi nami nilinyamaza, na hilo linaniuma kuliko daraja.

Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu daraja jipya. Mwenyekiti akaanza, "Safari hii tutafute fundi wa kweli." Nikasimama. Nikawaambia mabati nilifunga mimi, na wewe ulikuwa umekataa.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akasema, "ya marehemu tuyaache."

Sikukaa. Nikamwambia sikai mpaka katibu aandike kwenye muhtasari kwamba kosa ni langu, si lako. Watu wakanung'unika, shemeji akanivuta kitenge. Nikasimama palepale, jua linanichoma, mpaka katibu akaandika na kunisomea kwa sauti.

Tangu jana njia nzima wananiita Mama Aliyeangusha Daraja. Naitika.

Lala salama, fundi.

Ni mimi, binti yako.