Mstari wa Ishirini na Moja

Belo Horizonte, 4 Machi 2019

Baba yangu mpendwa,

Naomba baraka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Neide na mumewe, na ng'ombe pia, maana nikiwasahau hao utanuna. Mimi ni mzima wa mwili. Ile jibini uliyonifungashia iliisha siku ya tatu; wenzangu wa maabara hawana haya hata kidogo.

Nakuandikia badala ya kukupigia, na sababu unaijua. Simu huko haishiki mpaka upande kilima cha kanisa, na hata ingeshika, Bibi Zulmira alituachia sharti: ugonjwa wetu usitajwe kwa mdomo. Lisemwalo lipo, alisema, naye akafa hawezi kusimama bila kuutaja hata mara moja. Kuandika hakukataza. Basi naandika.

Kila nikija unaniuliza mtu wa miaka ishirini na tisa bado anasoma nini. Shahada hii ya uzamivu ni ya bioinformatiki, Baba. Ndani ya kila mtu kuna maandishi marefu, herufi bilioni tatu, na mimi natengeneza programu ya kompyuta ya kutafuta herufi moja iliyokosewa. Hiyo moja ndiyo iliyomuua Bibi: kwanza miguu haihisi kitu, kisha mikono, kisha moyo. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mzazi asipokuwa nayo, wanawe wamesalimika.

Profesa Heloísa, msimamizi wangu, anakusanya mate ya watu sitini wa huko kwetu mlimani. Natuma vichupa viwili kwa dereva wa basi la Jumanne. Temeni mate, wewe na Neide, mfunge vizuri, mumrudishie. Changu tayari. Vitapewa namba bila majina, na nimeapa kutochungulia vya kwetu.

Naogopa, Baba. Naogopa tangu nina miaka tisa, siku ile Bibi alipokanyaga kigae cha sahani akaendelea kupika huku akituuliza nani amemwaga rangi nyekundu sakafuni.

Binti yako,
Jussara


Lagoinha, 21 Machi

Binti yangu Jussara,

Mungu akubariki, na akupe meno ya kutafuna polepole ili jibini ifike walau siku ya tano. Sisi hatujambo. Mvua imezidi, njia ya zizini imekuwa uji.

Nimetema. Miaka yote hiyo ya chuo kikuu, nauza ndama wawili kukupeleka, na mwisho wa yote mnataka mate ya mzee! Dereva Gilmar alikishika kichupa kwa ncha za vidole kana kwamba nimemkabidhi chura. Nikamwambia, "Shika vizuri bwana, hiyo ni sayansi." Akanijibu, "Sayansi yako inanuka kahawa, Mzee Olívio."

Habari kubwa ni hii: Neide ana mimba ya miezi miwili. Anatapika kila asubuhi na kucheka kila jioni. Ila juzi nilimkuta jikoni amevua viatu, anabonyeza nyayo zake moja moja kwa kidole. Aliponiona akavaa haraka. Nikachukua ndoo nikatoka kukamua. Ningemuuliza nini?

Mimi sitaki kujua, nasema mapema. Ukijua kwa bahati mbaya, kaa nalo. Nina miaka hamsini na nane, nakamua, nakanda jibini, nasali. Mguu wa kushoto nimeufunga kitambaa kwa sababu Mimosa alinikanyaga, lakini kosa ni langu, ng'ombe hana macho ya nyuma.

Kula vizuri.

Baba yako


Belo Horizonte, 10 Juni

Baba yangu,

Naomba baraka yako, na leo naomba na msamaha. Mguu umepona? Neide anaendeleaje?

Nimevunja kiapo. Jedwali lilikamilika Ijumaa, majibu ya watu wote sitini. Lebo za vichupa nilizibandika mimi mwenyewe, kwa hiyo namba zetu nazijua: wewe ishirini na moja, Neide ishirini na mbili, mimi ishirini na tatu. Nilikaa mbele ya kompyuta bila kubonyeza kitu mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina homa. Kisha nikaiambia programu: nipe namba ishirini na moja. Moja tu. Nilikwambia, mzazi akiwa salama, watoto hawana la kutafuta.

Ni safi, Baba! Herufi yako ni nzima kabisa. Bibi hakukupa. Nilikwenda chooni nikalia nimeziba mdomo kwa taulo. Ya Neide na yangu sikuyafungua, ya nini?

Najua ulikataa kujua. Lakini habari njema si mzigo, na Neide ana mtoto tumboni. Mwambie, tafadhali. Tarehe 15 Agosti nasimama mbele ya watahini watatu kulitetea jedwali hili. Nikipita, linakwenda hospitali, na wenye ile herufi wataitwa waanze dawa ya kuuchelewesha ugonjwa kabla haujawashika. Wasio nayo wataambiwa walale usingizi. Leo nami nitalala.

Binti yako mwenye furaha,
Jussara


Lagoinha, 29 Julai

Jussara, mwanangu,

Mungu akubariki.

Nimekaa wiki saba bila kukujibu. Karatasi nilikuwa nayo, kalamu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo.

Barua yako nilimsomea Neide. Aliangua kilio, kisha akaanza kuimba, na hajanyamaza hadi leo. Anaimba akifua, anaimba akipepeta maharage. Sasa niambie, ni baba gani anayeweza kuuzima wimbo huo?

Mimosa hakunikanyaga. Nilikudanganya. Mwezi Machi nilitembea kutwa nzima na msumari ndani ya buti, nikauona jioni nilipovua. Tangu Pasaka ya mwaka juzi miguu yangu imekuwa kama ya mtu mwingine niliyoazimwa. Nilikaa kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu alikuwa akiwaambia wengine hivyo, na yeye mwenyewe akaficha.

Barua yako ilipokuja nilitaka kuiamini, mwanangu, Mungu ndiye shahidi. Nikajiambia kompyuta ina akili kuliko nyayo za mkulima. Ukaja mkesha wa Mtakatifu Yohana. Unajua desturi yetu, moto ukishatulia wanaume tunavua viatu na kupita juu ya makaa, na mwenye imani haungui. Kila mwaka nilikuwa napita mbio kama kuku aliyemwagiwa maji, watu wakicheka. Mwaka huu wenzangu walisimama pale wakiomba moto usiwaume. Mimi niliomba uniume.

Nilipita polepole. Katikati nilisimama kabisa, nangoja. Watu wakapiga makofi, "Tazama imani ya Olívio!" Padri mwenyewe akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasikia harufu, nikadhani kuna nyama imeanguka motoni.

Nimeuguza nyayo mwezi mzima. Neide nimemwambia nilizidisha kinywaji.

Kwa hiyo jedwali lako lina kosa. Silijui liko wapi, lakini lipo. Ningeweza kunyamaza ukapata shahada yako na mdogo wako akaendelea kuimba. Lakini kwa kosa hilo, wagonjwa nao wataambiwa walale usingizi. Wengine ni majirani zangu, Jussara. Nisamehe.

Baba yako


Belo Horizonte, 5 Agosti

Baba yangu,

Naomba baraka yako. Nyayo zimefunga? Unaziosha kwa maji safi, si yale ya kwenye beseni la jibini?

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, nikairudia nimekaa chini hapo hapo. Nilikukasirikia kwa siku moja. Siku ya pili nikafungua programu yangu mstari kwa mstari, na saa nne asubuhi nikalikuta kosa.

Ni kosa la kitoto, kila mwanafunzi wa kazi hii huonywa juu yake mwaka wa kwanza. Sisi watu tunahesabu moja, mbili, tatu. Kompyuta inaanza na sifuri. Wa kwanza wetu kwake ni sifuri, wa pili ni moja. Kwa hiyo nilipoitaka namba ishirini na moja ilinipa mtu wa ishirini na mbili. Watu wote sitini walikuwa wamesogea nafasi moja, kila mmoja amevaa jibu la jirani yake.

Nilikwenda kwa Profesa Heloísa nikamweleza yote, hata kuchungulia. Akauliza, "Nani amekuonyesha? Watahini wasingeliona hili." Nikamjibu, "Miguu ya baba yangu." Ameahirisha mtihani hadi Oktoba. Kiapo nilichovunja nitakijibu mbele ya kamati, naye atakaa nami. Amesema jambo moja tu zaidi: tungewaambia wagonjwa kumi na wawili kwamba ni wazima.

Sasa nisikilize, Baba. Mtu wa ishirini na mbili ni Neide. Lile jibu safi nililoliona lilikuwa lake. Mwache aimbe. Mtoto wake hana cha kuogopa.

Lako ni kama nyayo zako zilivyosema.

Langu sijalifungua. Liko pale, mstari mmoja chini ya Neide, na mimi nazunguka kompyuta hiyo kama mbwa aliyewahi kupigwa. Kila asubuhi najichoma pini kwenye kidole gumba cha mguu. Nahisi. Kisha najiuliza kama nimehisi chini ya jana, nachoma tena. Kidole kimejaa matundu. Naogopa kujua, na kutojua kunanimaliza. Nifanye nini?

Binti yako,
Jussara


Lagoinha, 9 Agosti

Mwanangu,

Mungu akubariki. Acha hiyo pini.

Jana wakati wa chakula cha mchana niliutaja. Kwa mdomo, jikoni kwa mama yangu, mbele ya Neide na mumewe. Jina lake zima. Neide alidondosha kijiko. Tulingoja, sijui tulingoja nini, labda paa litushukie. Jogoo akawika nje, basi. Neide akaja akapiga magoti akanivua viatu, akaziangalia nyayo zangu kwa mara ya kwanza, akanitukana kwa upendo kama mama yako alivyokuwa akinitukana.

Usilifungue peke yako. Nakuja. Ndiyo, mimi, niliyeapa sitakanyaga tena jiji hilo. Gilmar ameniwekea kiti cha mbele basi la Alhamisi, anasema safari hii sayansi inasafiri nzima nzima. Tutakwenda kwanza kwa daktari wa profesa wako, aniangalie mimi, akueleze na wewe. Kisha tutalifungua, yeye akiwapo.

Na kama unayo, nitakufundisha. Kusoma sikukufundisha, lakini hili nalijua. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono mpaka ndani, upapase. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Jioni keti penye mwanga uzitazame nyayo kama unavyotazama za mtoto mchanga. Nimejifunza haya kwa kuumia, peke yangu, kwa sababu mama yangu aliyajua yote akaondoka nayo.

Baraka usiiombe kwa barua tena wiki hii. Utaiomba kituoni.

Baba yako


Belo Horizonte, 20 Oktoba

Baba yangu,

Naomba baraka yako. Dawa umezizoea? Daktari anauliza kama bado zinakuchafua tumbo, na mimi nakuuliza kama unazimeza au unampa Mimosa. Mbusu mtoto wa Neide kwenye nyayo zote mbili, mwambie ni mabusu ya mama yake mkubwa.

Nimepita mtihani. Kamati ilinionya kwa maandishi kuhusu kiapo. Jedwali jipya limekwenda hospitali, na watu kumi na wanne wameitwa. Wa kumi na tatu kwenye orodha ni wewe, wa kumi na nne ni mimi.

Najua wakati ule daktari alipotamka, uliushika mkono wangu kwa nguvu mno kwa kuwa hukuwa ukiuhisi vizuri. Uliniachia alama za kucha. Zilipofutika nilisikitika.

Hofu haijaondoka, Baba. Naamka nayo, inanitangulia bafuni. Pini niliitupa kama ulivyosema. Kila asubuhi naingiza mkono kwenye kiatu, napapasa mpaka kwenye ncha, na wenzangu wa nyumba wamezoea.

Jana nilisahau. Nilishuka kitandani pekupeku, nikakanyaga kizibo cha chupa ya soda, upande wa meno. Kiliniingia kweli kweli. Nikapiga kelele, machozi yakanitoka, nikakaa sakafuni nimeushika mguu wangu kwa mikono miwili, na nikamshukuru Mtakatifu Yohana kwa sauti, mara tatu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Iliuma sana, Baba. Iliuma vizuri.

Binti yako,
Jussara